Refa na Mguu wa Jumapili

Refa aliketi akiipa televisheni mgongo. Jumapili baada ya ibada, wanaume wa nyumba zetu pale Louisville walijazana sebuleni kwangu kutazama mpira wa Kimarekani, na yeye alikuwa miongoni mwao, ila kiti chake kilielekea ukutani. Alikunywa chai, akazungumza na yeyote aliyekuwa tayari kuzungumza na mtu anayetazama ukuta, na hakugeuka hata kelele zilipotikisa vikombe. Kisha mmoja alimwambia, "Refa, anaingia." Hapo aliweka kikombe sakafuni, akageuza kiti, akamtazama mtu mmoja mwembamba, asiye na tope hata kwenye soksi, akiingia uwanjani, akiupiga mpira teke moja ukapita katikati ya milingoti miwili, akitoka. Refa aliinamisha kichwa kama mtu aliyepokea meza ya Bwana, na kiti kikarudi ukutani.

Habari za kuzaliwa kwake sina, na wanaoujua ukoo wake wako mbali. Mimi nilimkuta tayari ni Refa. Jina alilipata kambini, kule Kigoma tulikokulia sisi Warundi wengi, ambako alichezesha mechi za vijana kwa miaka, kwanza peku, halafu kwa viatu vya msaada, kimoja kikubwa kuliko mwenzake. Alipoletwa Marekani alikuja na mke, mabinti wawili na filimbi. Filimbi aliivaa shingoni chini ya fulana hata kazini. Mkewe tulimwita Mama Refa, na sikuwahi kumwona akifurahia kuitwa hivyo.

Ule mzozo wake na mpira wa Kimarekani ulianza siku ya kwanza alipoambiwa kwamba kwa Kiingereza nao unaitwa mpira wa miguu. Akakaa kuusubiri mguu. Akaona mpira unabebwa kwapani, unarushwa kwa mkono, watu wanalaliana juu yake kama magunia, wanaamka, wanalaliana tena. Alivumilia kwa heshima ya mwenye nyumba, yaani mume wangu. Ndipo akaingia yule mwembamba akapiga teke lake. Refa alisimama wima katikati ya sebule.

"Mchezaji ni huyo," akasema. "Wengine wote ni wapagazi."

Wanaume walimcheka, kwa sababu wao wenyewe wiki nzima walikuwa wapagazi, wakibeba maboksi kwenye ghala moja nje ya mji, na Refa akiwa miongoni mwao. Hakujali. Kuanzia siku hiyo yule mpigaji hakuwa na jina lingine kwetu isipokuwa Mchezaji. Alichezea timu ya kusini huko, ya mji ambao Refa hakuwahi kuufika wala kutamani kuufika. Timu hakuipenda. Alikuwa na mtu mmoja tu, na mtu huyo alipohamia timu nyingine, Refa naye alihama bila kuaga.

Kama refa, alikuwa na misemo aliyoitunga mwenyewe na kuitaja kana kwamba ilikuwa ya mababu. "Filimbi haina shangazi," alisema, akimaanisha kwamba haki haiangalii undugu. "Anayewahi kulalamika ndiye aliyecheza rafu." Na ule aliourudia kuliko yote: "Refa mwenye rafiki uwanjani ni mchezaji wa kumi na mbili." Aliiamini misemo hii kuliko watu wanavyoamini hati za nyumba.

Watu walimtumia. Mkongomani mmoja na Mrundi mmoja waligombania nafasi ya kuegesha gari chini ya dirisha letu, na badala ya kuita polisi wakamwita Refa. Alitoka na koti juu ya pajama, akawasikiliza wote wawili kwenye theluji mpaka midomo yao ikashindwa kutamka, kisha akatoa mfukoni kadi ya maktaba, ambayo kwa bahati ilikuwa ya njano, akamwinulia yule Mrundi, mtu wa kwao kabisa. Yule Mrundi akaondoa gari. Mpaka leo sielewi kwa nini. Nadhani kuna kitu ndani ya mtu aliyekulia kambini kinachomtii yeyote anayeinua kadi.

Kadi nyekundu hakuwa nayo, hivyo alitumia ya punguzo la bei ya duka la nyama. Niliiona ikitoka mara moja tu, Columbus, tulipokuwa tumehamia wote kufuata kazi za maghala ya upande wa Westerville. Ilikuwa harusini. Mjomba wa bibi harusi alishika maikrofoni akaanza kueleza historia ya ng'ombe waliopotea vitani, mmoja mmoja, na rangi zao, na chakula kikapoa. Refa alimwendea taratibu, akampa ya njano. Mjomba akaanza ng'ombe mwingine. Refa akatoa kadi ya duka la nyama. Mjomba aliitazama ile kadi, akakabidhi maikrofoni, na hakuishia kuketi: alitoka nje kabisa, akaenda kukaa kwenye gari lake mpaka keki ilipokatwa, kama sheria inavyotaka. Refa mwenyewe ndiye aliyempelekea sahani ya pilau kule garini.

Lakini mtu huyuhuyu kwenye karata alikuwa mwizi wa wazi. Alificha karata kwenye mikono ya shati, kwenye soksi, chini ya sahani ya karanga. Ukimkamata, hakukana. Alikuambia kwamba kwenye karata hakuna refa, kwa hiyo hakuna kosa.

Nyumbani kwake haki ilikuwa ngumu zaidi. Mabinti wakigombania bafu, aliwaketisha, akamsikiliza kila mmoja, akaita mashahidi, na wakati hukumu inatoka wote wamechelewa shule. Walimjibu kwa Kiingereza, na yeye akawaamuru waanze upya kwa Kiswahili ili shauri lisikike sawasawa. Mama Refa alimpikia siku moja ugali na siku nyingine wali, akamuuliza kipi alipenda. Alisema vyote vimecheza vizuri. Mkewe alishona nguo mbili za kitenge za kwenda Pasaka, akazivaa moja baada ya nyingine mbele yake, akamwomba achague. Alisema mechi imeisha sare. Mama Refa alinisimulia hayo tukiwa tunasuka nywele Clintonville, palepale Columbus, kwenye nyumba ya rafiki yetu, na sisi wengine tulicheka mpaka machozi. Yeye hakucheka sana. Alisema, "Dada, kuishi na mtu asiye na upande ni kama kuegemea pazia."

Ndivyo walivyokuwa walipohamia Buffalo, na sisi tukawafuata mwaka uliofuata, maana mume wangu alikuwa amepata kazi kwenye kiwanda cha madirisha alikofanya kazi Refa. Mama Refa aliajiriwa kwenye nyumba ya kutunza wazee, Amherst, nje kidogo ya mji, na kwa kuwa alikuwa mgeni pale alipewa shifti ambazo wenyeji hawazitaki, Jumapili zikiwemo. Jumapili alizokuwa huru aliongoza kwaya. Kanisa letu lilikodi ukumbi wa chini wa kanisa la Wamarekani, wenye mabomba yaliyogonga kama mtu aliyefungiwa ndani, na mama huyo akianzisha wimbo hata mabomba ulikuwa huyasikii. Mchungaji wetu, Mkongomani wa Uvira, alikuwa akisema kwamba yeye anahubiri tu, anayeokoa watu ni Mama Refa.

Refa alikuwa amenunuliwa na mabinti zake jezi ya Mchezaji, yenye namba mgongoni, zawadi ya siku ya akina baba. Aliivaa juu ya sweta, na baridi ilipozidi aliivaa juu ya koti, akawa mpana kama kabati. Watu wa Buffalo wana timu yao na wanaipenda kwa namna inayotisha kidogo, lakini walimwachia. Walimwona mzee wa Kiafrika aliyepewa nguo za mtumba.

Kisha Mchezaji akazungumza. Alialikwa kwenye mkutano wa wanaume wa kanisa lake, mtu akamrekodi, na kufikia kesho yake video ilikuwa kwenye kila simu. Alisema anaamini Jumapili ni siku ya Bwana na kwamba kufanya kazi siku hiyo ni kuikanyaga amri. Alisema wote wanaofanya kazi Jumapili wanatenda dhambi, na wanaokwenda uwanjani kutazama wengine wakifanya kazi wanatenda dhambi ileile, na yeye ni wa kwanza katika wakosaji, kwa maana kila Jumapili anapiga mpira kwa aibu.

Sijapata kuona nchi nzima ikikasirika kwa kuambiwa ipumzike. Wasio na dini walisema amewatukana. Wenye dini waligawanyika: wengine walisema ni nabii, wengine wakasema nabii gani anayepokea mshahara wa dhambi na kusaini mkataba mpya. Wauza vyakula wa viwanjani walitaka aombe radhi. Kuna walionunua jezi yake bila kuwahi kutazama mechi hata moja, na kuna waliokuwa nayo tangu zamani wakaichoma kwenye jiko la kuchomea nyama, nyuma ya nyumba, siku ya Jumapili.

Pale kiwandani, mume wangu alinieleza, kulikuwa na Wamarekani wawili waliokuwa wakibishana juu ya Mchezaji kila mapumziko. Mmoja, dereva wa foklifti, lile gari la kuinulia mizigo, siku zote alisema mpigaji yule amezeeka, mguu umekwisha, afukuzwe. Mwenzake, mama mkaguzi wa vioo, alimtetea kwa moyo wote. Baada ya ile video walibadilishana. Dereva akawa anasema hajawahi kutokea mpigaji kama yule tangu dunia iumbwe. Mkaguzi akagundua kwamba mguu kweli ulikuwa umekwisha, na ulikwisha zamani. Wote wawili walimgeukia Refa, kwa sababu alikuwa kavaa jezi, wakamuuliza anasimama wapi. Refa aliwaambia kwa Kiingereza chake kwamba yeye anatazama mguu. Kila mmoja aliondoka akiamini ameungwa mkono.

Ile jezi ikawa balaa. Dukani mwanaume asiyemjua alimkumbatia, akamlipia mkate, akamwambia asiogope. Kwenye foleni, mama mmoja aliyekuwa mbele yake alimsomea maneno marefu kwa sauti ya juu, na Refa, ambaye alishika nusu tu, alimshukuru. Kwenye basi viti vya pande zake vilibaki wazi. Mabinti walimwomba aivue. Aliwajibu kwamba hajavaa maneno ya mtu, amevaa teke lake.

Ningependa kusema mambo yaliishia hapo, kwenye kicheko. Lakini Mchungaji naye alikuwa ameiona video.

Alikuwa na kero ya muda mrefu: ukumbi ulikuwa ukipungua watu kila Jumapili kwa sababu ya shifti. Sasa Mungu alikuwa amemletea msaidizi mwenye misuli. Akahubiri juu ya Mchezaji wiki tatu mfululizo. Ya tatu akatangaza pendekezo kwamba anayefanya kazi Jumapili asisimame mbele, wala kwenye kwaya wala kugawa meza ya Bwana, mpaka atakapojirekebisha. Hakutaja jina. Hakukuwa na haja. Waliokuwa wakifanya kazi Jumapili walikuwa wengi, lakini aliyesimama mbele akaimba alikuwa mmoja.

Watu walinung'unika, na ikaamuliwa kwamba jambo lijadiliwe kwa haki, pande zote zisikike, baada ya ibada ya juma lililofuata. Kusimamia mjadala akachaguliwa Refa. Hakuna aliyeona ajabu. Alikuwa mzee wa kanisa, na kwa miaka yote hiyo, miji mitatu, hakuna shauri lililopita bila yeye. Nilimtazama Mama Refa wakati jina la mumewe linatajwa. Alikuwa akipanga vitabu vya nyimbo kimoja baada ya kingine, na alivipanga vizuri sana.

Siku ya mjadala Refa alipanga viti pande mbili na kuacha njia katikati. Alivaa jezi ya Mchezaji. Alisema angeivua ingekuwa ishara, na akiiacha ni ishara, basi ameamua kuiacha kwa sababu ukumbi una baridi. Akapuliza filimbi.

Mchungaji alianza. Alisema hivi, kwa Kiswahili cha kwao chenye Kifaransa ndani: "Bon, ule kijana ni muzungu, iko na feza, iko na jina, na bado anatubu mbele ya batu. Donc siye wakimbizi, Mungu alitutoa mu vita, tunashindwa kumupa siku moja?" Upande wake ukaitikia amina. Mume wangu akasimama upande wa pili, akauliza kwa upole ni nani ndani ya ukumbi ule aliyefanya kazi kila Jumapili bila kukosa tangu tuufungue, akamtazama Mchungaji. Kicheko kilipanda mpaka kwa Wamarekani wa juu. Refa alimwonyesha mume wangu kadi ya maktaba kwa utovu wa nidhamu.

Kisha akasimama jirani yetu Msabato, ambaye hakuwa muumini wa kanisa lile wala hakualikwa. Alikuwa amekuja kwa ajili ya sambusa. Aliomba kusema jambo dogo, nalo ni kwamba siku yenyewe tumekosea, kwamba ni Jumamosi, kwamba Mchezaji na Mchungaji na wote waliopo wanagombania siku isiyo yao. Pande zote mbili zikaungana dhidi yake kwa muda, na nusu saa ikapotea kwenye kitabu cha Kutoka. Refa alimpa haki yake yote ya kusema. Alimwongezea hata dakika za majeruhi.

Mwishowe Mama Refa akanyanyua mkono. Mumewe alimpa nafasi kama alivyowapa wengine, kwa kiganja, bila kumtazama usoni zaidi ya alivyowatazama wengine.

"Kule ninakofanya kazi kuna bibi asiyeweza kujigeuza kitandani," alisema. "Jumapili hageuki, kama vile Jumatatu hageuki. Mimi ndiye ninayemgeuza. Nikimaliza nakuja hapa, au nikiwa huku nawaza nani amemgeuza. Sasa mniambie. Nisimgeuze, niimbe? Au nimgeuze, ninyamaze?"

Mabomba yaligonga. Macho yote yakamwendea Refa, na hata mimi nilikuwa na hakika kwamba sasa atasema. Hukumu ilikuwa imelala pale mbele yake. Ilikuwa inahitaji mtu wa kuinama tu na kuiokota.

Refa alisimama. Alisema kwamba sheria iko wazi: refa ambaye mkewe yumo uwanjani hawezi kuchezesha mechi hiyo, na alipaswa kujiondoa tangu mwanzo. Akatoa kadi ya duka la nyama, akajiinulia mwenyewe juu ya kichwa, akatuonyesha kushoto na kulia ili wote waione. Kisha akapita katikati ya viti, akapanda ngazi, akatoka nje.

Tulibaki tumekaa. Mechi haikuwa na refa na hakuna aliyejua inavyomalizwa. Mtu alikohoa. Msabato aliuliza kama sambusa sasa zinaruhusiwa. Mchungaji alingoja, akaona hakuna anayepinga, akasema kwamba kimya ni kukubali, akafunga kwa sala. Mama Refa aliingia jikoni, akaosha vikombe vyote, hata vilivyokuwa safi.

Tulipotoka tulimkuta Refa amesimama kwenye maegesho, theluji imemjaa mabegani, namba ya Mchezaji haisomeki tena. Alikuwa ametulia kama mtu aliyetenda vyema. Mkewe alimpita akafungua mlango wa gari letu, si lao. Kabla hajaingia alimgeukia.

"Leo nilihitaji mume," alisema. "Umeniletea refa."

Alilala kwetu siku hiyo, na kesho yake alirudi kwake, kwa kuwa mabinti walikuwa na shule. Lakini kwaya alikuwa ameitoka. Hakumlaumu Mchungaji, alisema Mchungaji angalau alikuwa na upande.

Mchezaji hakufika mwisho wa msimu. Jumapili moja alipewa teke la mwisho wa mechi, jepesi, la umbali ambao Refa alisema angeupiga hata Mama Refa akiwa na kanga. Likatoka nje kabisa ya mlingoti. Nchi ikaanza upya. Waliomchukia walisema Mungu amejibu. Waliompenda walisema amekosa makusudi, kwa dhamiri, na wakaonyesha kwamba mechi za Alhamisi na Jumatatu hakosi. Wengine walisema makocha wamemwonea. Timu ikamwacha, na hakuna nyingine iliyompigia simu. Dereva wa foklifti alilia kweli, mume wangu alimwona. Mkaguzi wa vioo alisema anasikitika, maana hakumtakia mabaya, alitaka tu afukuzwe.

Refa hakuwa na maoni juu ya Mungu wala makocha. Alisema Mchezaji aliegemea nyuma, na mtu akiegemea nyuma mpira haumtii. Aliisema kwa sauti ndogo, akatazama mikono yake. Nilimhurumia. Alikuwa na miaka mingi akimtazama mtu mmoja tu katika uwanja mzima, na sasa uwanja ulikuwa wa wapagazi watupu. Niliwahi kumsikia akijaribu kujitetea kwa mkewe jikoni kwao: alimweleza kwamba kanuni ile ya kujiondoa ni ya kimataifa.

Muda mfupi baadaye sisi tulirudi Columbus, mama mkwe wangu alipougua. Habari za Buffalo zikawa za simu. Nilisikia kanuni ya Mchungaji ilidumu mpaka Pasaka, ikafa yenyewe, kwa kuwa ghala kubwa lilifungua shifti mpya ya Jumapili na waimbaji wakabaki wanne, wote wa sauti moja. Mchungaji alikwenda kwa Mama Refa kumwomba arudi. Naye alimpikia, akamsikiliza, akamwambia atafikiri. Kuhusu Refa nilisikia ameacha uzee wa kanisa. Hakueleza sababu, na hakukuwa tena na mtu wa kupelekewa shauri hilo.

Mwaka jana mume wangu alikuwa na mazishi ya ndugu yake Buffalo. Tulizika Jumamosi, na Jumapili kabla ya kuondoka nikataka kumwona rafiki yangu, Mama Refa. Alinipa anwani ya kazini, akasema nije tu, saa za chai wageni wanaruhusiwa. Nilifika Amherst nikaegesha kati ya magari mengi, nikaelekezwa kwenye ukumbi wa wazee.

Kwanza nilimwona Refa. Alikuwa amevaa sare ya kazi ya rangi ya samawati, na jina lake halisi limebandikwa kifuani, jina ambalo sikuwahi kulitumia. Alikuwa akiwapanga wazee kwenye viti vyao vya magurudumu, wengine macho, wengine wamelala, kwa mstari wa mviringo. Alinieleza, huku akifunga breki za kiti kimoja, kwamba ameacha kiwanda cha madirisha. Hapa anafua na kukunja mashuka. Aliomba shifti ya Jumapili yeye mwenyewe, na mwajiri alimuuliza mara mbili kama ameelewa swali. Nilimuuliza habari za Mchezaji. Alisema amepata timu ndogo kwenye ligi inayocheza Jumamosi, na sasa Msabato anamwandikia barua.

Mama Refa akaingia akifuta mikono kwenye aproni. Tulikumbatiana. Kisha akasema nisubiri, kuna jambo lazima lifanyike kwanza kabla chai haijapoa, akasimama katikati ya mviringo ule akaanzisha wimbo. Ulikuwa wimbo wetu wa kambini, ule wa kuvuka mto. Bibi mmoja akaanza kugonga kidole kwenye kiti. Mwingine akavuma bila maneno. Na Refa, ambaye katika miaka yote niliyomjua sikuwahi kumsikia akiimba hata kwenye sherehe ya kuzaliwa kwa mtoto, alifungua mdomo akaingia sauti ya pili.

Aliimba vibaya. Sitampunguzia. Alikuwa nyuma ya wimbo kama mtu anayekimbilia basi, na alipofika juu sauti ilipasuka. Mama Refa alikata wimbo, akamwambia mbele ya wote ashuke, arudie kutoka mwanzo wa ubeti. Akashuka. Akarudia. Alikosea tena palepale na mkewe akaendelea kuimba tu, akimvuta kwa mkono.

Mzee mmoja wa Kimarekani aliyekuwa amelala karibu yangu aliamka, akatazama huku na huku, akauliza kwa sauti kubwa ya watu wasiosikia vizuri ni kitu gani kile kinachoimbwa, na ni cha dini gani.

Refa aliacha kuimba. Alimwinamia yule mzee mpaka karibu na sikio, akamjibu kwa Kiingereza chake, neno moja moja, ili asikose hata moja.

"Ni wimbo wa mke wangu," alimwambia. "Mimi niko upande wake."